Kabati Lilikuwa na Swichi Moja

Kabati la mitambo lilikuwa na swichi moja. Si mbili. Moja! Ya pili niliiweka mimi kwa mikono yangu, jioni, madhara yakiwa yameshatokea, kisha nikamwambia mtu anayeniita kaka kwamba ilikuwepo muda wote ila yeye hakuiona.

Akaniamini. Hilo ndilo linalonimaliza.

Jina langu sitalitaja, na majina ya wenzangu nimeyabadili. Ninaishi Bariadi, nafanya kazi katika hospitali moja ya binafsi, kitengo cha kompyuta na mtandao. Nina mke na watoto, na kanisani ninaaminiwa kusoma neno. Watu wananijua kama mtu wa mpangilio. Ni kweli, nyaya zangu zote zina lebo. Lakini jamani, lebo haimzuii mtu kuwa mwongo.

Nitaeleza taratibu, ili hata asiyejua mambo ya mtandao aelewe nilichofanya.

Mafaili ya wagonjwa wetu yanatunzwa kwenye seva iliyoko Mwanza. Daktari wa Bariadi akifungua faili, linamjia kwa intaneti. Kati ya intaneti na hospitali tumeweka kifaa cha ulinzi, ambacho sisi mafundi tunakiita faiawoli. Ni kama askari wa getini: anakagua kila kinachoingia na kinachotoka. Kutoka kwake mtandao unakwenda kwenye swichi, kile kisanduku chenye matundu mengi ya nyaya, na swichi ndiyo inayougawa kwenda maabara, wodini na mapokezi.

Sasa, askari anaweza kuwa mzima, lakini njia ya kutoka kwake kwenda ndani ikakatika. Ndiyo maana nilipopanga mtandao ule nilichora njia mbili. Tundu moja la faiawoli liende kwenye swichi ya kwanza. Tundu jingine, la akiba, liende kwenye swichi ya pili. Ya kwanza ikifa, ya pili inashika yenyewe, na muuguzi hatajua hata kama kuna lililotokea.

Mchoro ule ulipendeza. Meneja aliubandika ukutani ofisini kwake, wageni wakija anawaonyesha.

Ukafika msimu wa maonyesho ya wakulima pale Nyakabindi. Hospitali ikachukua banda, kupima watu presha na sukari, na meneja akataka banda liwe na mtandao kama ofisini. Swichi ya ziada hatukuwa nayo. Nikaichomoa ile ya pili bila kumwambia mtu, nikaipakia kwenye gari pamoja na viti na mahema.

Kuichomoa halikuwa kosa kubwa. Kosa ni nilichofanya baada ya hapo.

Ule waya wa akiba ulibaki unaning'inia, na mfumo ukaanza kulalamika. Alama nyekundu ikawaka kwenye kompyuta yangu na kwenye simu ya meneja. Akanipigia akiwa bandani, kelele za muziki nyuma yake, akataka kujua ile nyekundu ni ya nini. Nikamjibu ni kitu kidogo, naondoa sasa hivi. Kisha nikauchukua ule waya wa akiba, nikauchomeka kwenye swichi ileile ya kwanza, tundu la jirani.

Nyekundu ikapotea. Taa zote mbili zikawa za kijani.

Faiawoli haina macho. Haijui waya wake umeishia wapi. Inajua tu kwamba upande wa pili kuna kitu kimeitika. Kwa hiyo ikawa inaripoti njia mbili nzima, wakati zote mbili zinaingia kwenye kisanduku kimoja. Kisanduku kikiungua, zimekwisha zote mbili. Nililijua hilo. Nililijua vizuri kuliko mtu yeyote pale hospitalini!

Maonyesho yakaisha. Swichi ikarudi imejaa vumbi, nikaiweka kwenye boksi chini ya meza yangu. Nikasema nitairudisha mwisho wa wiki. Ikapita, ikaja nyingine. Kwetu ukitaka kugusa kabati la mitambo lazima uzitaarifu idara zote kwa maandishi na ueleze unafanya nini. Ningeandika nini? Kwamba narudisha kitu ambacho mchoro wa meneja unasema hakijawahi kutoka? Kila siku iliyopita iliifanya taarifa ile iwe ngumu zaidi kuandika. Nikaizoea. Nilikuwa nanyoosha miguu chini ya meza, viatu vinaligusa boksi, naendelea na kazi.

Hapa ndipo anapoingia Masanja.

Masanja ni kijana wa Mwamapalala, mtoto wa wafugaji, amesoma kwa shida. Alipoajiriwa nilikabidhiwa nimfundishe kazi. Ni mtu wa kuuliza mara moja na kukumbuka. Tulielewana mpaka ikawa akipika kwake ananiita, nikichinja kwangu namwita. Alipompata mchumba, Milembe, binti wa Shishiyu anayefundisha chekechea, alinijia mimi kabla ya wajomba zake, akaniomba niwe mshenga wake. Kwetu mshenga si mtu wa kubeba salamu. Ndiye anayesimama mbele ya wakwe na kusema huyu namjua, namdhamini. Nilikubali kwa furaha. Nilikwenda Shishiyu, ng'ombe wa mahari wakazungumzwa, wakakubaliwa. Kilichobaki kilikuwa kupanga siku ya kuwapeleka.

Sasa ile siku.

Mimi na meneja tulikuwa Lamadi, ambako hospitali ina kliniki ndogo. Bariadi alibaki Masanja peke yake. Mchana mvua ikapiga kwa radi, umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo, na ile swichi moja ikaungua. Njia zote mbili zikafa kwa wakati mmoja. Hospitali nzima ikawa haioni faili hata moja.

Katika wodi ya wazazi alikuwepo mama aliyejifungua na kupoteza damu nyingi. Damu ilikuwepo. Lakini ndugu zake walisema aliwahi kuongezewa damu zamani ikamdhuru, hawakumbuki vizuri ilikuwaje, ila maelezo yaliandikwa alipokuja kliniki. Daktari akakataa kumwekea damu kabla ya kuliona lile faili. Na faili liko Mwanza.

Masanja akanipigia. Nilikuwa kwenye gari, kiti cha mbele, meneja pembeni yangu anaendesha.

"Kaka, swichi imeungua," alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayekimbia. "Naona hii moja tu hapa. Ile nyingine iko wapi?"

Msomaji, nisikilize hapa. Boksi lilikuwa chini ya meza yangu. Ofisi ilikuwa wazi. Angeifikia kwa hatua chache, akachomeka nyaya mbili, yakaisha. Nilichotakiwa kusema ni maneno matatu: chini ya meza.

Meneja alikuwa amepunguza sauti ya redio ili asikie.

Yeye si mtu wa huku, Kisukuma hakijui zaidi ya salamu. Ningeweza kumwambia Masanja kwa Kisukuma, meneja asingeambulia kitu. Nililifikiria hilo palepale. Nikaogopa kwamba angeuliza, mbona mmebadili lugha?

Nikasema, "Angalia vizuri, ipo."

"Kaka, nimeangalia."

"Angalia vizuri. Kama huioni, fanya utakavyoweza. Nakuja."

Nikakata simu. Meneja akaniuliza kuna nini, nikamwambia umeme umesumbua kidogo, kijana anashughulikia.

Masanja akafanya alivyoweza. Alichukua kisanduku kidogo cha mapokezi, swichi ya kawaida ya kununua dukani, akajaribu kukiunga kwenye faiawoli. Kikagoma, kwa sababu faiawoli yetu inataka swichi inayoelewa mgawanyo wa idara, na kile kisanduku hakielewi. Muuguzi alikuwa amesimama mlangoni anamsubiri. Basi akauchomoa waya wa intaneti kwenye faiawoli, akauunga moja kwa moja kwenye kisanduku, na kisanduku kwenye kompyuta za wodi ya wazazi na maabara.

Kwa maneno mengine, alimwondoa askari getini akaliacha geti wazi.

Faili likafunguka. Daktari akasoma, akajua ni damu ya namna gani ya kumwekea. Yule mama alipona. Wiki ile ile aliondoka na mtoto wake mikononi, nilimwona kwa macho yangu.

Lakini geti liliachwa wazi mpaka tulipofika jioni, na katika saa hizo kuna kitu kiliingia. Hatukukiona mara moja. Tulikigundua baadaye, kompyuta ya maabara ilipokataa kufungua majibu ya vipimo yaliyohifadhiwa humo. Yote yalikuwa yamefungwa na mtu asiyejulikana. Wagonjwa wengine walirudia vipimo, wengine walikuwa wametoka vijijini mbali na hawakurudi tena.

Nirudi kwenye ile jioni. Tulifika jua likiwa bado halijazama. Masanja alikuwa amekaa sakafuni karibu na kabati, shati limelowa. Nikamwambia umefanya kazi, nenda kantini unywe chai, nitaendelea mimi. Alinishukuru. Alinishukuru, jamani!

Alipotoka, nililivuta boksi chini ya meza. Nikaifuta swichi vumbi kwa shati langu. Nikaiweka rafu ya chini kabisa, nyuma ya betri za akiba, nikachomeka nyaya, nikarudisha faiawoli mahali pake. Mtandao ukarudi. Nilitumia muda mfupi kuliko aliotumia yeye kunywa chai.

Aliporudi akasimama, akaangalia taa za kijani, akaniangalia mimi.

"Ilikuwa wapi?"

"Rafu ya chini, nyuma ya betri," nikamjibu. "Waya tu ulikuwa umelegea."

Akainama. Akaitazama muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeongea peke yake, "Mimi nilimulika na huku."

"Ulikuwa na haraka," nikamwambia.

Hata siku ile ningeweza bado kumwita nikamweleza. Sikumwita. Na majibu ya maabara yalipokutwa yamefungwa, ikaundwa kamati ya uchunguzi. Meneja akawa mwenyekiti. Mtaalamu wa kuishauri kamati akawa nani? Mimi!

Walimwita Masanja wakamuuliza kwa nini aliondoa kifaa cha ulinzi wakati hospitali ina njia ya pili. Akasema hakuiona. Meneja akaushusha mchoro ukutani, akauweka mezani mbele yake. Akamuuliza kama anaijua kazi yake. Akamuuliza kama kuna mtu wa nje alimtuma aliache geti wazi. Masanja aliutazama mchoro wenye sahihi yangu.

Kisha wakanigeukia. Meneja akaniuliza kwa utaratibu tu, kama mtu anayejua jibu: siku ile, njia zote mbili zilikuwepo?

"Zilikuwepo," nikasema.

Masanja akatikisa kichwa kidogo. Hakukataa. Alikubali. Nilimwona akiamua pale pale, mbele yangu, kwamba kama kaka amesema zilikuwepo, basi macho yake ndiyo yaliyokosea.

Wakamsimamisha kazi, arudi nyumbani asubiri uamuzi. Akaenda Mwamapalala kwa wazazi wake.

Nilidhani huo ndio mwisho wa ubaya. Kumbe bado nilikuwa mshenga.

Habari zilifika Shishiyu kabla yangu. Nilipokwenda kupanga siku ya ng'ombe, walinipokea kwa heshima zote. Tukasalimiana, mwangaluka, mwangaluka, nikaletewa maji ya kunawa, michembe ya viazi vitamu iliyopikwa kwa karanga, maziwa ya mgando. Baba yake Milembe ni mzee mtulivu, analima pamba na mpunga, haongei sana. Alisubiri nimalize kula.

"Tumesikia kijana ameharibu kazi huko hospitalini," akasema. "Ni kweli?"

Nikamjibu kwamba uchunguzi bado unaendelea, mzee wangu, tusubiri wakubwa waseme.

"Sikuuliza uchunguzi. Nimekuuliza wewe. Wewe ndiye uliyekuja hapa ukasema unamjua."

Walikuwepo wajomba, walikuwepo majirani. Nikasema kijana ni mzuri, ila kazi zetu zina mambo mengi, mtu anaweza kuteleza.

Kuteleza! Nilikwenda pale kumsafisha mtu, nikampaka matope kwa neno langu mwenyewe.

Mzee akasema ng'ombe wasubiri kwanza. Hakusema hapana. Alisema wasubiri, na kila mtu pale alielewa.

Nilipokuwa naiwasha pikipiki, Milembe alinifuata. Hakulia, wala hakunisihi. Alisimama mbele ya tairi.

"Shemeji, mimi sijui mambo ya mitambo," alisema. "Lakini Masanja ameniambia aliona moja. Na akisema ameona kitu, huwa amekiona."

Nikamwambia nitalifuatilia. Akasogea pembeni nipite. Naamini anajua. Hana namna ya kuthibitisha, lakini anajua.

Mtaniuliza kwa nini sisemi. Nimejiuliza mimi kabla yenu. Nikisema leo, si swichi tu. Nitakuwa nimemdanganya meneja garini, nimeidanganya kamati, nimewadanganya wakwe za watu nikiwa nimekula chakula chao. Kila uongo niliuweka ili uulinde wa nyuma yake, na sasa kuufikia ule wa kwanza lazima niubomoe kila mmoja mbele za watu. Nitafukuzwa. Wanangu wanasoma. Mke wangu hajui lolote. Ameniuliza kwa nini siku hizi sipokei simu ya Masanja nikiwa mezani, nikamjibu ni mambo ya ofisi.

Na kuna jingine la kunichoma. Kamati imeusifu mpango wangu. Imeandika kwamba njia ya pili ilikuwa salama na tatizo lilikuwa la mtu. Wameniagiza nipange vivyo hivyo kliniki ya Lamadi. Nimeshachora. Tundu la kwanza swichi ya kwanza, tundu la pili swichi ya pili. Mkono wangu unachora vizuri kabisa.

Asubuhi nikilifungua kabati naiona ile swichi nyuma ya betri, taa yake inawaka kijani. Inafanya kazi bila shida. Nikiiacha pale, inanisaidia kudanganya. Nikiiondoa, naiacha hospitali bila akiba tena. Hata mahali pa kuiweka sina!

Wewe fundi unayesoma hapa, usiiamini taa ya kijani. Fuata waya kwa kidole chako mpaka unapoishia. Zima swichi moja kwa makusudi, mchana, watu wakijua, uone kama nyingine inashika. Ukikopa kifaa cha akiba, iache alama nyekundu iwake mpaka ukirudishe, hata bosi akikasirika. Ile nyekundu ilikuwa inasema ukweli, mimi nikaizima.

Na wewe usiye fundi: mtu anayekuamini akikwambia ameona kitu, na wewe unajua ameona, usimwambie aangalie vizuri. Utamnyang'anya macho yake. Kazi anaweza kupata nyingine. Sijui macho atayapata wapi.

Jana Masanja alinipigia, nikapokea. Kamati imemwambia kwamba akisimama mbele ya wafanyakazi wote Ijumaa hii na kukiri kuwa njia ya pili ilikuwepo ila yeye hakuwa makini, watamfikiria kumrudisha kazini. Amekubali. Anasema anataka yaishe, Milembe amengoja vya kutosha.

"Ila mimi siyo mtu wa kuongea mbele za watu," aliniambia. "Kaka, nisaidie maneno."

Anakuja kesho kwangu, atapanda basi la asubuhi kutoka Mwamapalala, tukae tuyapange pamoja. Nimemjibu aje.